Soriasisi au ukurutu? Chanzo, tiba, na mahali pa kuweka pesa yako

Rafu ya bafuni kwetu ilikuwa na tyubu mbili. Moja yangu, ya soriasisi. Ya pili ya mtoto wa mdogo wangu, aliyeanza ukurutu akiwa na miezi minne. Kwa muda mrefu tulizitumia kana kwamba ni dawa moja. "Dada, mpake kidogo hiyo yako, ya kwake haina nguvu," mdogo wangu aliniambia, nami mama yake mkubwa nikampaka mtoto mashavuni klobetasoli, steroidi ya kupaka (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) iliyo katika kundi kali kuliko yote, ambayo mimi nilipewa kwa ajili ya viwiko. Mashavu yalitulia siku nne. Kisha ngozi ikawa nyembamba, na kila tulipoacha, vipele vilirudi vingi kuliko mwanzo.

Kosa letu lilianzia kwenye jina. Mtaani kwetu hali zote mbili huitwa pumu ya ngozi, na jina likiwa moja mtu hudhani dawa nayo ni moja. Nimezilinganisha hapa kwa kuwa mimi na mwanangu huyu tunaishi nazo, na kwa kuwa utafiti wa miaka ya karibuni umejibu maswali mengi ambayo watu bado wanayajibu kwa kutoa pesa.

Ipi ni yako?

Soriasisi hukaa zaidi upande wa nje: viwiko, magoti, kiuno kwa nyuma, na kichwani hadi kwenye mstari wa nywele. Bakabaka lake lina ukingo unaoonekana wazi, ni nene, na juu yake kuna magamba makavu yanayobanduka. Tazama na kucha: vitundu vidogo kama vilivyodungwa kwa sindano, au kucha kuinuka kutoka kwenye nyama yake, ni dalili ambayo ukurutu wa kawaida hauleti hivyo.

Ukurutu wa utotoni huanzia mashavuni na kichwani, halafu mtoto akikua huhamia kwenye mikunjo: ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni, vifundoni. Ukingo wake haueleweki, hufifia polepole kwenye ngozi nzima. Muwasho wake ndio unaowakosesha wazazi usingizi. Soriasisi nayo huwasha, msidanganyike, ila ukurutu usiowasha kabisa ni wa kutiliwa shaka. Na mara nyingi nyumbani utakuta mwenye pumu ya kifua au mafua ya aleji.

Maelezo mengi yaliyoandikwa Ulaya yanasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani hivyo. Inakuja kama zambarau, kahawia iliyoiva au kijivu. Ukurutu kwenye ngozi zetu pia hupenda kutokea kama vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo, na unaweza kukaa upande wa nje wa mikono na miguu, mahali ambapo kwa mujibu wa vitabu pangekuwa pa soriasisi. Baada ya vyote viwili kupona hubaki madoa meusi au meupe kwa miezi. Madoa hayo si ugonjwa, na hayahitaji krimu ya kung'arisha. Nimeona watu wakianza kujichubua kwa sababu ya madoa ambayo yangeondoka yenyewe.

Yapo mengine yanayofanana nazo. Mapunye hupanuka kama duara, ukingo ukiwa na magamba kuliko katikati. Daktari akikwangua kidogo na kutazama kwa darubini atawaona fangasi. Baka la ukoma mara nyingi huwa na ganzi: ukiligusa kwa pamba mtu hahisi. Soriasisi ilichanganywa na ukoma kwa karne nyingi huko Ulaya, hadi daktari Ferdinand von Hebra alipoitenganisha kabisa mjini Vienna mwaka 1841. Bibi yangu alipoona viwiko vyangu aliuliza kwa sauti ya chini swali hilohilo la kabla ya 1841.

Kwa nini soriasisi hukosewa sana kwetu? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inataja viwango kuanzia asilimia 0.09, vilivyopatikana katika utafiti wa vijijini Tanzania, hadi asilimia 11.4 nchini Norway. Mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi akiona ukurutu, upele na mapunye kila siku, na soriasisi mara chache mno. Mimi nilipakwa dawa za fangasi kwa miaka mitatu.

Chanzo: hapa ndipo zinapoachana

Hadi miaka ya sabini, wengi waliamini soriasisi ni ugonjwa wa chembe za ngozi zenyewe. Ngozi ya kawaida hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja. Kwenye bakabaka la soriasisi kazi hiyo hufanyika kwa siku chache tu, ndiyo maana magamba hurundikana. Mwaka 1979 madaktari waliowapa siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa, wagonjwa ambao soriasisi yao ilishambulia maungio ya mifupa, waliona kitu ambacho hawakukitafuta: ngozi zao zilisafika. Dawa iliyotuliza mfumo wa kinga ilikuwa imetuliza ngozi. Kuanzia hapo utafiti ukafuata njia ya kinga, na leo tunajua mnyororo wenyewe: ujumbe uitwao intalukini-23 huwaamsha askari fulani wa damu, nao humwaga intalukini-17, ambayo huiamrisha ngozi ikue bila kupumzika.

Urithi unahusika, na jeni iliyotajwa zaidi ni HLA-C*06:02. Lakini jeni hungoja kichochezi. Maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoki yanaweza kumtoa mtoto au kijana vidoa vidogo mwili mzima wiki mbili tatu baadaye. Jeraha au mkwaruzo unaweza kugeuka baka. Sigara, pombe, uzito uliozidi na msongo wa mawazo vimo. Dawa nazo: lithiamu, baadhi ya dawa za presha za kundi la beta-bloka, na klorokwini. Na soriasisi inayozuka ghafla, kali, kwa mtu ambaye hakuwa nayo, ni sababu ya kupima VVU; wenye VVU wakianza dawa za kufubaza, mara nyingi ngozi hupata nafuu.

Ukurutu una hadithi nyingine. Fikiria nyumba ya mawe ya Tanga au Lamu ambayo chokaa yake imebanduka: ukuta upo, lakini unyevu unatoka na vumbi linaingia. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba watoto wengi wa Ulaya wenye ukurutu wamerithi hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuishikamanisha ngozi ya juu na kuitunzia maji. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, na kwa muda ulionekana kama jibu la mwisho.

Halafu wakapimwa Waafrika. Kwa wagonjwa wa Ethiopia, hitilafu zile za Ulaya hazikuonekana, ikapatikana moja mpya tu. Kwa Waxhosa wa Afrika Kusini haikupatikana hata moja ya aina hiyo, ingawa mabaki ya filagrini kwenye ngozi zao yalikuwa pungufu. Maana yake ngozi zetu zinapoteza chokaa kwa njia nyingine, na njia hiyo bado haijachunguzwa inavyostahili. Jambo hili linaniuma. Mtoto wetu anatibiwa kwa ramani iliyochorwa juu ya ngozi za watu wengine.

Ngozi ikishapwaya, kinga huitikia kwa lugha tofauti na ile ya soriasisi: intalukini-4 na 13, na intalukini-31 inayohusika sana na muwasho. Bakteria wa stafilokoki hujazana juu yake na kuuchochea moto. Kwa hiyo mambo mawili hulishana, ngozi mbovu na kinga iliyokasirika, na mtoto anayejikuna anayaongezea kuni yote mawili.

Ushahidi ulionishawishi kuliko wote kwamba haya ni magonjwa mawili unatoka kwenye dawa mpya zenyewe. Baadhi ya wanaopewa dawa ya kuzuia njia ya ukurutu hutokewa na mabaka kama ya soriasisi. Baadhi ya wanaozuiwa intalukini-17 hutokewa na ukurutu. Ni kama mizani: ukikandamiza upande mmoja, kuna watu ambao upande wa pili huinuka.

Mafuta ya kupaka: hapa usitumie pesa nyingi

Kwa ukurutu mafuta ndiyo msingi wa tiba. Kwa soriasisi yanasaidia kulainisha magamba na kupunguza mipasuko, lakini peke yake hayaizimi.

Swali la mafuta gani lilijibiwa vizuri Uingereza. Jaribio la watoto 550 lililochapishwa mwaka 2022 lililinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito, na hakuna lililowashinda wenzake katika kupunguza ukurutu. Bora ni lile ambalo mtoto atakubali kupakwa kila siku. Jaribio lingine la mwaka 2018, la watoto 482, lilionyesha kwamba mafuta ya kumimina kwenye maji ya kuoga hayaongezi faida yoyote ya maana. Nguo za hariri zilipimwa pia, na mashine za kulainisha maji, hazikusaidia. Na wale wanaompaka mtoto mchanga mwenye ngozi nzima wakitumaini kuzuia ukurutu usije: jaribio la watoto 1,394, matokeo yake mwaka 2020, halikuona kinga yoyote.

Kwa hiyo mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanatosha. Kwa joto la Dar au Mombasa mafuta mazito hutoa jasho, na jasho huwasha. Sisi tunatumia krimu mchana na mgando usiku. Ndugu zangu wa Njombe au Limuru watapenda mgando saa zote. Kinachowashinda wengi ni kiasi. Mwongozo wa Uingereza unataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mwenye ukurutu. Kale kakopo kadogo ka mfukoni hakafiki Jumatano.

Mafuta ya nazi yana ushahidi wake: jaribio la Ufilipino la mwaka 2014 liliona mafuta safi ya nazi yakiwafaa watoto wenye ukurutu kuliko mafuta ya madini. Ya zeituni, ambayo akina mama wengi huyaamini, yalipopimwa Sheffield, Uingereza, mwaka 2013 yalionekana kuidhoofisha ngozi ya juu. Nyumbani tumeyarudisha jikoni.

Steroidi za kupaka: dawa ileile, kipimo tofauti

Tangu haidrokotisoni ya kupaka ilipoingia mwaka 1952, kundi hili limebaki mhimili wa tiba ya magonjwa yote mawili. Tofauti iko kwenye nguvu na mahali. Uso, kwapa, kinena na ngozi ya mtoto mdogo hutaka nyepesi, kama haidrokotisoni ya asilimia 1. Mikunjo ya mtoto mkubwa huweza kuhitaji ya kati kwa siku chache. Baka nene la soriasisi kwenye goti halitaisikia nyepesi hata ukipaka mwaka mzima. Hapo ndipo betamethasoni au klobetasoli zinapofaa, kwa muda daktari aliosema.

Kipimo ni rahisi. Kamua mstari wa dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia pingili ya mwisho hadi nchani. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mara moja kwa siku kwa kawaida inatosha. Ukurutu unaorudi rudi ukishatulia, kupaka siku mbili kwa wiki mahali palepale panapozoea kulipuka huzuia milipuko mingi. Mbinu hii imepimwa, na kwetu ndiyo iliyorudisha usingizi.

Woga wa steroidi umewaacha watoto wengi wakijikuna hadi damu. Uzembe nao umewachubua wengine. Kinachonikera zaidi ni zile krimu zenye dawa tatu kwa pamoja, steroidi kali, ya fangasi na ya bakteria, zinazouzwa bila swali. Zinatuliza kila kitu kwa wiki moja na kuficha ugonjwa ni upi. Kwa mapunye, steroidi iliyomo huwapa fangasi nafasi ya kuenea huku sura yao ikipotea.

Na vidonge au sindano za steroidi? Kwenye soriasisi, kaa mbali nazo. Mimi niliwahi kupewa prednisoloni katika duka moja la dawa. Nilisafika kama sijawahi kuumwa. Nilipoacha, mwili wote uliwaka, ukitoa vijipu vidogo vya usaha, nikalazwa siku tisa. Kulipuka kwa soriasisi baada ya kuacha steroidi za kumeza ni jambo linalojulikana na la hatari.

Dawa zisizobadilishana

Soriasisi ina kalsipotrioli, ya jamii ya vitamini D, ambayo ikichanganywa na steroidi hufanya kazi kuliko kila moja peke yake. Ina asidi ya salisili, ya kubandua magamba, na lami ya makaa ya mawe, ambayo daktari wa Marekani aitwaye Goeckerman aliiunganisha na mwanga mwaka 1925: inanuka, inachafua shuka, lakini ni nafuu. Kalsipotrioli na asidi ya salisili kwenye ngozi ya ukurutu ni moto mtupu.

Ukurutu una takrolimusi ya kupaka, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000. Haikondeshi ngozi, ndiyo maana inafaa kope na uso. Siku za mwanzo huchoma kidogo. Hii madaktari huwapa hata wenye soriasisi usoni na kwenye mikunjo.

Mwanga

Miale ya UVB ya wigo mwembamba, sehemu teule ya miale iliyomo kwenye jua, husaidia zote mbili, ila kwa soriasisi ndiyo hung'aa hasa. Tatizo ni safari: mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi. Jaribio la Marekani la watu 783, lililotoka mwaka 2024, lilionyesha kwamba mashine ya nyumbani haikushindwa na ya kliniki: asilimia 32.8 walisafika au kukaribia kusafika wakijitibu nyumbani, dhidi ya 25.6 kliniki, na ngozi nyeusi nazo zilinufaika. Jua letu la asubuhi linanisaidia mimi. Mtoto, akitoka jasho, linamzidishia. Mwenye ualbino asijaribu kabisa.

Ugonjwa ukishindikana kwa kupaka

Hapa methotreksati inastahili heshima. Ilikubaliwa Marekani kwa soriasisi mwaka 1972, ni ya bei nafuu ukilinganisha na zilizokuja baadaye, na inatumika pia kwa ukurutu mkali. Jaribio la watoto 103 wa Uingereza na Ireland lililinganisha methotreksati na siklosporini kwa ukurutu: siklosporini ilianza kwa kasi, lakini baada ya dawa kusimamishwa waliotumia methotreksati walibaki na nafuu zaidi. Ningekuwa nachagulia mtoto anayehitaji kutulizwa haraka, ningemuuliza daktari kuhusu siklosporini. Kwa safari ndefu, methotreksati.

Inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku. Damu na ini hupimwa, pombe huachwa, na mwanamke anayeweza kushika mimba lazima ajikinge.

Dawa za sindano za kibiolojia, zinazolenga ujumbe mahususi wa kinga, ndiko magonjwa haya yanakoachana kabisa. Ukurutu una dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, inayoziba njia ya intalukini-4 na 13. Soriasisi ina nyingi. Katika jaribio la mwaka 2008, baada ya wiki 16, karibu asilimia 80 ya waliopewa adalimumabu walipungukiwa ugonjwa kwa robo tatu au zaidi, dhidi ya asilimia 36 hivi ya methotreksati na 19 ya dawa bandia. Mwaka 2019 mbili mpya zikashindanishwa: guselkumabu, ya kuzuia intalukini-23, iliwafikisha asilimia 84 ya wagonjwa kwenye nafuu ya sehemu tisa kati ya kumi baada ya wiki 48, sekukinumabu, ya intalukini-17, asilimia 70.

Tarakimu nzuri, bei ngumu. Bima nyingi za kwetu hazigusi hizi. Ukibahatika kuzipata, jambo la kwanza ni kupima kifua kikuu kilicholala, hasa kabla ya adalimumabu, kwa kuwa dawa ya kundi lake inaweza kukiamsha. Kwa nchi zenye kifua kikuu kama zetu, kipimo hicho hakirukwi.

Ningegawa pesa hivi

Mwenye ukurutu: kopo kubwa la mgando kila wiki, steroidi ya nguvu inayofaa mahali husika, kisha takrolimusi kwa uso kama bado unasumbua. Kumnyima mtoto mayai na maziwa bila kupimwa aleji kunampunguzia lishe bure. Vikitokea malengelenge yanayofanana yote, yenye maumivu na homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo; virusi vya malengelenge ya mdomoni vikisambaa kwenye ukurutu ni dharura.

Mwenye soriasisi: pesa ya kwanza ni ya kumwona mtu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maofisa wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, kwa hiyo huenda yupo mmoja hospitali ya mkoa wako bila wewe kujua. Ukiamka vidole vimevimba au mgongo umekakamaa zaidi ya nusu saa, mwambie hilo kabla ya kumwonyesha ngozi. Hadi watatu katika kila kumi wetu hupata ugonjwa wa maungio ya mifupa, na kiungo kilichoharibika hakirudi kama ngozi.

Rafu yetu sasa ina ngazi mbili. Ya juu ni yangu, na tyubu zake zimefungwa utepe mwekundu. Methotreksati naimeza Ijumaa usiku, na mtoto, ambaye sasa ana miaka sita, ndiye anayeweka alama kwenye kalenda ya ukutani.